Bendera Imepanda, Benki Bado Imefungwa: Kwa Nini Kurejesha Uhusiano na Kuondoa Vikwazo Si Kazi Moja

Mnamo Mei 13, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitangaza akiwa Riyadh kwamba nchi yake ingeondoa vikwazo dhidi ya Syria. Habari hiyo ilipofika kwenye mabaraza ya Kisumu, ambako siasa za dunia hujadiliwa kwa bidii sawa na siasa za kaunti, wengi waliona kwamba mambo yamekwisha: mahasimu wamepatana, milango imefunguliwa, biashara inaanza. Mazungumzo ya namna hiyo husikika pia Nakuru na Kericho kila redio inapotangaza kwamba nchi mbili zilizonuniana kwa miaka mingi zimerudiana, iwe ni Marekani na Cuba, Saudi Arabia na Iran, Ethiopia na Eritrea, au Kenya yenyewe na Somalia. Miezi michache baadaye, wale wale waliofurahi huuliza mbona hakuna kilichobadilika, na baadhi yao hukata kauli kwamba walidanganywa.

Aghalabu hawakudanganywa. Walichanganya mambo mawili ambayo hutajwa katika taarifa moja ya habari lakini huamuliwa na watu tofauti, kwa karatasi tofauti na kwa mwendo tofauti, yaani uhusiano wa kidiplomasia na vikwazo. Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna sababu ya kulielewa jambo hili barabara, kwa maana chai inayochumwa Nandi na Kericho imekuwa na wanunuzi katika nchi kama Sudan na Iran, ambazo zimeishi chini ya vikwazo kwa miongo mingi.

Tuanze na lililo jepesi. Uhusiano wa kidiplomasia ni ridhaa ya serikali mbili kutambuana na kuzungumza rasmi kupitia wajumbe wanaolindwa na sheria. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa sheria hiyo, unasema uhusiano huo huanzishwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Ndiyo maana upande mmoja unaweza kuuvunja peke yake, lakini hauwezi kuurudisha peke yake. Kabla ya kuuvunja pana ngazi kadhaa za kuonyesha hasira. Serikali inaweza kumwita balozi wake nyumbani kwa mashauriano, kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilivyofanya Desemba 2023 baada ya muungano wa Corneille Nangaa, ulioshirikisha waasi wa M23, kuzinduliwa Nairobi. Inaweza kumfukuza mwanadiplomasia, kuuacha ubalozi mikononi mwa kaimu balozi kwa miaka, au kuufunga. Kukata uhusiano kabisa ndiyo ngazi ya mwisho, na Kenya imeionja: Desemba 2020 Somalia ilitangaza kuvunja uhusiano na Nairobi, ikiituhumu kuingilia siasa zake za ndani.

Hata hapo, kukata uhusiano si kutangaza vita, na mara nyingi si kuacha kuzungumza. Mkataba huo huo wa Vienna unairuhusu nchi ya tatu kutunza majengo na maslahi ya nchi iliyoondoka. Marekani ilipokata uhusiano na Cuba Januari 1961, Uswisi ndiyo iliyoshika nafasi yake mjini Havana. Kuanzia mwaka 1977 maafisa wa Marekani wenyewe walirudi katika jengo lao la zamani, wakatoa viza na kufikisha ujumbe wa serikali yao, ila mlangoni hapakuwa na bendera yao wala jina la ubalozi. Iliitwa ofisi ya maslahi, chini ya ulinzi wa Uswisi. Walifanya kazi hivyo kwa miaka 38. Kwa hiyo anayesikia kwamba nchi mbili "hazina uhusiano" asidhani kwamba simu hazipigwi.

Vikwazo ni jambo la aina nyingine. Ni amri za kisheria zinazowakataza watu, kampuni na benki kufanya shughuli fulani na nchi, taasisi au mtu aliyetajwa, kwa nia ya kumshinikiza abadilishe mwenendo wake. Vingine humlenga mtu mmoja, mali yake ikazuiliwa na viza akanyimwa. Vingine huhusu bidhaa moja, hasa silaha. Vilivyo vikali zaidi hukataza karibu biashara yote na nchi nzima. Pembeni ya hivyo, Marekani ina orodha ya nchi inazosema zinafadhili ugaidi, na kutajwa humo hufunga njia ya misaada na mikopo, tena huwapa waathiriwa nafasi ya kuishtaki serikali ya nchi hiyo katika mahakama za Marekani. Hili la mwisho halisemwi sana, nasi tutalirudia, kwa sababu linatuhusu Wakenya kuliko tunavyodhani.

Swali la kwanza la kuuliza, basi, ni nani aliyeviweka vikwazo. Vikiwekwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kila nchi mwanachama hufungwa navyo, Kenya ikiwamo. Vikiwekwa na Marekani peke yake au na Umoja wa Ulaya, hufunga raia, kampuni na benki za waliovitunga. Vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba ni vya aina hii ya pili. Ndiyo maana mwaka 2018 Kenya iliweza kuwaleta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba na kuwasambaza katika hospitali za kaunti bila kuvunja sheria yoyote ya kimataifa. Hata hivyo, kutofungwa na sheria hakumaanishi kuwa huru kweli kweli. Mwaka 2012 Kenya ilitia saini makubaliano ya kununua mafuta ghafi kutoka Iran, na muda si mrefu ikayafuta kwa shinikizo la mataifa ya Magharibi. Hapakuwa na mahakama ya Kenya iliyoamuru hivyo. Nguvu ya vikwazo vya nchi kubwa huwagusa hata wasiokuwa wake, kwa njia ambayo nitaieleza tutakapofika kwenye benki.

Anayetaka kushika tofauti ya mambo haya mawili afikirie ugomvi wa shamba, ambao hakuna kijiji cha kwetu kisichoujua. Ndugu wawili wamegombana kuhusu mpaka, na mmoja amekwenda kwa msajili wa ardhi akaweka kizuizi kwenye hati, ili shamba lisiuzwe wala kuwekwa rehani. Baada ya miaka, chifu na wazee wanawapatanisha. Wanapeana mikono, wanatembeleana tena, na watoto wao wanacheza pamoja. Lakini kizuizi kiko pale pale kwenye faili. Hakiondolewi na kupeana mikono. Kinaondolewa na aliyekiweka, kwa fomu yake na saini yake, au na amri ya mahakama au ya msajili. Na mpaka kiondolewe, benki itakayoletewa hati hiyo ili itoe mkopo itaikataa bila kujali kwamba ndugu wanakula meza moja. Ubalozi ni kule kutembeleana. Vikwazo ni kile kilichoandikwa kwenye faili.

Tena faili lenyewe huwa na vizuizi zaidi ya kimoja, kila kimoja na mwenyewe. Tazama Syria. Baada ya tangazo la Riyadh, ilichukua hadi Juni 30, 2025 kwa rais wa Marekani kutia saini amri ya kufuta mpango wa vikwazo uliokuwa umewekwa kwa amri za marais waliomtangulia. Amri hiyo haikuweza kufuta sheria iliyotungwa na Kongresi, kwa sababu rais hana uwezo wa kuifuta sheria ya bunge. Angeweza tu kusitisha baadhi ya vifungu vyake kwa muda, pale sheria ilipomruhusu. Baraza la Usalama nalo lilikuwa na orodha yake, na jina la Ahmed al-Sharaa, rais mpya wa Syria, liliondolewa humo Novemba 2025. Sheria ya Kongresi iliyobana zaidi, ile iliyojulikana kwa jina la Caesar, ilifutwa Desemba 2025. Kati ya hotuba ya Riyadh na kufutwa kwa sheria hiyo ilipita miezi saba, na huo ni mwendo wa kasi sana kwa mambo ya aina hii.

Cuba ndiyo inayoonyesha mwendo wa polepole. Mnamo Desemba 17, 2014, Barack Obama na Raúl Castro walitangaza, kila mmoja katika nchi yake, kwamba wangerejesha uhusiano baada ya mazungumzo ya siri yaliyofanyika Canada na kuungwa mkono na Papa Fransisko. Julai 20, 2015 balozi zilifunguliwa. Agosti mwaka huo bendera ya Marekani ilipandishwa Havana mbele ya wanajeshi watatu wastaafu, wale wale walioishusha Januari 1961 wakiwa vijana, na walimwengu waliotazama kwenye televisheni waliona kwamba vita baridi ya hapo imezikwa. Lakini marufuku ya biashara iliyowekwa na Rais Kennedy mwaka 1962 haikuondoka siku hiyo, na haikuweza kuondoka. Mwaka 1996 Kongresi ilikuwa imeigeuza kuwa sheria, ikaandika kwamba haitaondolewa mpaka Cuba iwe na serikali ya mpito isiyomjumuisha Fidel wala Raúl Castro. Obama, akipeana mkono na Raúl huyo huyo, alikuwa amefungwa na maandishi hayo.

Alichoweza kufanya ni kulegeza, na neno hilo lisichukuliwe kuwa sawa na kuondoa. Kulegeza ni kuiacha marufuku mahali pake na kutoa ruhusa kwa mambo yaliyotajwa, iwe ni safari za aina fulani, fedha za kutumiwa jamaa, au ndege za abiria zenye ratiba, ambazo zilianza tena kuruka moja kwa moja kati ya nchi hizo Agosti 2016. Ruhusa za namna hii hutolewa na serikali na zinaweza kutwaliwa na serikali inayofuata, na ndivyo ilivyokuwa. Mei 2015 Cuba iliondolewa kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Januari 2021 ikarudishwa. Januari 14, 2025 Rais Biden akatangaza kuiondoa tena. Januari 20, siku Trump alipoapishwa, uamuzi huo ukabatilishwa. Siku sita tu! Katika misukosuko hiyo yote balozi zilibaki wazi. Huu ndio ushahidi bora nilio nao kwa anayebisha kwamba uhusiano na vikwazo ni kitu kimoja.

Wala hakuna mpangilio mmoja unaofuatwa na wote. Kwa Vietnam, Marekani iliondoa marufuku ya biashara kwanza, Februari 1994, kisha ikarejesha uhusiano Julai 1995. Biashara ilitangulia, balozi akafuata.

Sasa tuje kwenye benki, kwa sababu hapo ndipo mtu wa kawaida anapokwama. Chukua mfanyabiashara aliyenunua chai ya Nandi katika mnada wa Mombasa, ambao hufanywa kwa dola za Marekani, na kuiuza Khartoum. Mnunuzi wake anataka kulipa kwa dola. Benki ya Khartoum haina njia ya kuzituma dola hizo moja kwa moja hadi Mombasa. Malipo hupitia benki moja au mbili za kati, na kwa kuwa ni dola, kwa kawaida mojawapo huwa New York. Benki hiyo ya New York iko chini ya sheria ya Marekani. Hata kama muuzaji ni Mkenya, mnunuzi ni Msudani na chai haikukaribia bahari ya Atlantiki, kitendo cha fedha kupita mle ndani kwa sekunde chache kinatosha kuyaleta malipo hayo mbele ya Wizara ya Fedha ya Marekani, ambayo ndiyo inayosimamia vikwazo.

Benki haziogopi bure. Mwaka 2014 benki ya Ufaransa ya BNP Paribas ilikiri makosa na kutozwa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha fedha za wateja wa Sudan, Iran na Cuba kupitia Marekani. Tangu hapo, mkuu wa benki anayeletewa malipo ya dola elfu 50 kutoka nchi yenye jina baya hufanya hesabu rahisi: ada atakayopata ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari ya adhabu, basi heri akatae. Vikwazo vikiondolewa leo, hofu hiyo haiondoki leo. Wanasheria wa benki husoma maandishi, hungoja waone kama rais ajaye atayageuza, hukagua kama kuna mtu binafsi aliyebaki kwenye orodha ambaye anamiliki hisa katika kampuni inayolipa, na hadi wakamilishe, mnunuzi amekwisha tafuta chai kwingine. Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu nadhani ndilo jibu la swali la "mbona hakuna kilichobadilika" mara nyingi kuliko njama yoyote.

Hofu hiyo pia inaeleza ubishi mwingine wa mabarazani. Mmoja husema vikwazo huwanyima raia chakula na dawa; mwingine hujibu kwamba huo ni uongo, maana chakula na dawa huruhusiwa. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliruhusu kuiuzia Cuba chakula bila mkopo wa benki za Marekani, na kuku waliogandishwa kutoka Marekani huliwa Havana licha ya marufuku. Lakini dawa iliyoruhusiwa kwenye karatasi bado inahitaji benki ya kupitisha malipo, meli ya kuibeba na kampuni ya bima ya kuikatia hiyo meli, na yeyote kati ya hao akiogopa, dawa haifiki. Mwenye kuumia hapo ni mgonjwa ambaye hakuna aliyemkusudia, na naona ni wajibu wa kila anayetetea vikwazo kumtazama mgonjwa huyo kwanza.

Hakuna mfano unaotuhusu zaidi ya Sudan. Mwaka 1993 Marekani iliiweka kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi, na 1997 ikaiwekea vikwazo vya kibiashara. Kisha likaja bomu la Agosti 7, 1998 katika ubalozi wa Marekani Nairobi, lililowaua watu 213, walio wengi wao Wakenya. Siku hiyo hiyo ubalozi wa Dar es Salaam nao ulishambuliwa. Mahakama za Marekani ziliona kwamba Sudan ilikuwa imewasaidia al-Qaeda, waliofanya mashambulizi hayo. Vikwazo vya kibiashara vilipoondolewa Oktoba 2017, Wasudani walitarajia benki za nje zirudi, lakini nchi ilikuwa bado kwenye ile orodha nyingine na benki nyingi hazikusogea.

Omar al-Bashir alipoangushwa Aprili 2019, serikali ya mpito ilianza kutafuta njia ya kutoka orodhani, na njia hiyo ilipita Nairobi. Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa wa mashambulizi ya 1998, wa shambulio la meli ya kivita ya Marekani USS Cole na wa mauaji ya mfanyakazi mmoja wa Marekani mjini Khartoum. Desemba 14, 2020 ikaondolewa kwenye orodha, na mwezi huo huo Kongresi ikapitisha sheria ya kuirudishia kinga dhidi ya sehemu kubwa ya mashtaka katika mahakama za Marekani. Wakenya wengi walioumia barabarani na katika majengo jirani, ambao hawakuwa wafanyakazi wa ubalozi wala raia wa Marekani, wamelalamika hadi leo kwamba waliachwa nje ya mapatano hayo. Ni malalamiko ya haki. Patano lililoitwa la kuwafidia waathiriwa liliandikwa kati ya serikali mbili, na waliopoteza macho na wapendwa wao katika mji wa serikali ya tatu hawakuwa mezani.

Balozi wa Marekani alirudi Khartoum mwaka 2022, baada ya takriban robo karne. Vita vilizuka Aprili 2023, na kufikia Januari 2025 vikwazo vipya vya Marekani vilikuwa vimewekwa kwa majenerali wa pande zote mbili, safari hii kwa majina yao badala ya nchi nzima.

Tofauti hii ya mlango wa ubalozi na mlango wa biashara tumeiona pia bila mkono wa Marekani. Kenya na Somalia zilirudisha uhusiano Mei 2021 kwa upatanishi wa Qatar. Mkulima wa miraa wa Meru, ambaye soko lake la Mogadishu lilikuwa limefungwa tangu Machi 2020, alingoja hadi Julai 2022 ndipo mizigo ikaanza kuruka tena. Tangazo la Mei 2021 halikuwa la uongo. Ila halikumhusu yeye.

Nisieleweke kwamba kufungua ubalozi ni sherehe tupu. Ethiopia na Eritrea zilipotangaza amani Asmara Julai 2018, baada ya miaka 20 ya uhasama, simu za moja kwa moja kati ya nchi hizo zilifunguliwa, na watu wakawa wanapiga nambari zozote zinazowajia ili wasalimiane na wasiowajua ng'ambo ya mpaka. Vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Eritrea, vilivyowekwa mwaka 2009, viliondolewa Novemba 14, 2018. Hata hivyo vivuko vya mpakani vilivyofunguliwa Septemba vilifungwa tena katika muda wa miezi, na mwaka 2021 Marekani ikaweka vikwazo vyake kwa sababu ya vita vya Tigray. Familia zilizokutana katika ile miezi michache zilipata kitu ambacho hakuna amri ya benki ingeweza kuwapa, na hilo lisidharauliwe.

Kwa hiyo Sudan iliposimamisha uagizaji wa bidhaa zote za Kenya Machi 2025, chai ikiwamo, kwa hasira ya Nairobi kuwa mwenyeji wa mkutano wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la Sudan, na washirika wake mwezi uliotangulia, walioulizana Kapsabet na Kericho kama hivyo ni vikwazo vya Marekani walistahili jibu la moja kwa moja: sivyo. Ile ilikuwa amri ya serikali ya Sudan yenyewe dhidi ya bidhaa zetu, na aliyeitoa anaweza kuifuta kwa barua moja, bila Kongresi wala Baraza la Usalama kuulizwa. Ila mnunuzi wa Khartoum bado atahitaji benki iliyo tayari kupitisha dola zake hadi Mombasa, na vita vya nchi yake vimeifanya benki hiyo iwe ngumu kupatikana kuliko hiyo barua.